Waini bila kujifanya: Chupa sita, gazeti la jana na sufuria ya pilau

Weita akikuletea chupa ya waini mezani, akaifungua mbele yako, akakumiminia matone mawili matatu kwenye glasi halafu akasimama hapo akikutazama, wewe huwa unafanya nini?

Usiniambie. Najua. Unazungusha glasi, unanusa, unakunja uso kidogo kama mtu anayejaribu kukumbuka PIN ya M-Pesa, unameza, kisha unasema "iko sawa." Weita anajazia watu, stori zinaendelea.

Yale matone si ya kukuuliza kama umeipenda. Ni ya kukupa nafasi ya kugundua kama imeharibika. Kuna ugonjwa unaoletwa na kizibo cha gome la mti, unaoifanya divai inuke kama kadibodi iliyonyeshewa au shuka iliyokunjwa kabla haijakauka. Ukisikia harufu hiyo unairudisha, na mkahawa unaojiheshimu utakuletea nyingine bila kelele. Kama haina ugonjwa basi ni yako, uipende usiipende, na bili iko njiani.

Sasa nikupe aibu yangu. Agosti mwaka jana tulikuwa watano kwenye mkahawa mmoja Westlands, siku ya kuzaliwa ya mmoja wetu. Rafiki yangu wa benki (nitawaita watu kwa kazi zao, maana hakuna aliyeomba kuandikwa) aliagiza chupa nyekundu ambayo jina lake sote tulishindwa kulitamka. Akaonja, akafanya ile drama yote, akasema iko sawa. Glasi yangu ilipofika puani nikasikia kadibodi. Si kidogo. Kadibodi ya kuhamia nyumba, imelala nje ya mlango usiku wa mvua.

Nikanyamaza. Nikanywa yote.

Ningesema kitu, mtu angeuliza: "Na wewe umejuaje?" Na jibu la swali hilo ni refu. Nilisomea mambo ya hoteli kwa mihula mitatu. Muhula wa pili tulifundishwa huduma ya vinywaji, kuanzia kushika kizibuo hadi kunusa. Muhula wa nne karo haikupatikana, nikatoka. Mabeshte zangu nilikuwa nimewaambia nimeahirisha masomo. Nimeahirisha miaka minne sasa.

Bili ilipokuja tuligawa sawasawa, kama kawaida ya watu wasiotaka kuonekana wanahesabu. Mimi nilikuwa nimekula chipsi na robo kuku. Nililipa 3,650, na hizo zilikuwa pesa za rent. Usiku huo, nikishuka matatu Roysambu, nilijiambia kwamba nikionja waini tena na hawa watu, itakuwa kwangu, kwa bei yangu.

Ilichukua hadi Februari.

Mpango wenyewe ni huu, na unaweza kuuiba. Kila mtu aje na chupa moja, asizidishe anachoweza. Asiye na chupa alete nyama au mchele. Chupa zote zinafunikwa gazeti, zinapewa namba, tunaonja bila kujua ni ipi, kila mtu anaandika alama kati ya 0 na 10. Tunafunua mwisho. Nilipoutuma kwenye kikundi chetu cha WhatsApp, mchoraji wetu wa matangazo alijibu kwa emoji sita za kucheka, halafu akauliza kama nina glasi.

Sina glasi za waini. Nina vikombe sita vya chai, vya rangi ya samawati iliyokolea, ambavyo mathe alinipa nilipotoka nyumbani. Nilidhani ni tatizo. Kumbe ndiyo ilikuwa bahati yetu, kwa sababu ndani ya kikombe cheusi-cheusi huoni rangi ya unachokunywa.

Rangi inadanganya, ndugu yangu. Mwaka 2001 mtafiti mmoja Mfaransa, Frédéric Brochet, aliwapa wanafunzi 54 wa mambo ya divai pale Bordeaux nyeupe na nyekundu waelezee harufu. Ile nyekundu wakaisifia kwa maneno yote ya divai nyekundu. Ilikuwa ni ileile nyeupe, imetiwa rangi isiyo na ladha. Hao ni watu waliokuwa wakisomea kazi hiyo.

Bei nayo ni mwongo mwingine. Mwaka 2008 watafiti wa California wakiongozwa na Hilke Plassmann waliwaweka watu kwenye mashine ya kupiga picha za ubongo, wakawapa waini kwa mrija. Waliambiwa hii ni ya dola 5, hii ni ya dola 45. Zilikuwa ni moja. Watu walisema ya dola 45 ni tamu zaidi, na hawakuwa wanaringa tu: ile sehemu ya ubongo inayohusika na raha iliwaka zaidi. Yaani ukilipa nyingi unafurahia kweli. Nilipowasomea hii, jamaa wa benki alisema basi yeye anaomba aendelee kudanganywa.

Kuna mtu wa sita niliyetaka aje, ambaye Westlands hakuwepo. Anaendesha teksi za programu. Aliacha pombe miaka miwili iliyopita baada ya msimu mbaya ambao si wangu kuusimulia. Sisi, badala ya kumuuliza anataka nini, tuliacha tu kumwalika. Tulijidanganya kwamba tunamlinda. Nilimpigia simu wiki moja kabla, nikamwambia ukweli: kutakuwa na chupa, kutakuwa na chakula, ukiona haikufai sitakasirika. Akakaa kimya kidogo.

"Nitakuja. Na pilau nitapika mimi, wewe huwa unaiunguza. Lakini mtu asinisihi."

Alipofika Jumamosi ndiye aliyetatua tatizo nililokuwa sijaliona. Mimi ndiye niliyefunika chupa, kwa hivyo nilijua kila moja. Akazichukua zote na magazeti yake, akaingia nazo chumbani, akazichanganya, akaziandika 1 hadi 6 kwa kalamu ya wino mzito. Akarudi jikoni kwa vitunguu vyake. Hakuna mtu ndani ya nyumba aliyejua kilicho wapi, hata yeye.

Chupa zilikuwa hizi. Nyeupe ya sauvignon blanc ya Leleshwa, inayotoka kwa mizabibu ya Morendat kule Naivasha. Ndiyo, zabibu za divai zinakua Bonde la Ufa, na leleshwa ni kile kichaka cha majani ya kijivu unachokiona ukiteremka kuelekea huko. Nyekundu ya pinotage ya Afrika Kusini, aliyoleta mchoraji. Nyekundu ya Dodoma, ambayo muuguzi wetu aliinunua Arusha akitoka kumtembelea dadake. Nyekundu ya Bordeaux kutoka kwa mtu wa benki, ndani ya sanduku la mbao lenye utepe, ambayo alisema amepewa kazini. Nyekundu tamu ya kasha la lita tano, iliyobaki kwa jirani yangu baada ya ruracio, nikaimimina kwenye chupa kuukuu. Huo ulikuwa mtego wangu.

Ya sita ililetwa na mwalimu ndani ya chupa ya soda ya lita mbili, imefungwa mfuniko nusu ili isilipuke. Muratina ya guka wake kutoka Murang'a. Asali, maji, na lile tunda la muratina lililokaushwa ambalo ndilo linalobeba chachu. Nikaihamishia kwenye chupa ya waini. Mwalimu aliona haya kidogo. Alisema guka akisikia imewekwa kwenye mashindano na Wafaransa atataka nauli aje ashuhudie.

Kabla hujaniuliza: la, hatukunywa chupa sita watu watano tukaangukiana. Hesabu yake iko hivi. Chupa ya kawaida ni mililita 750, yaani glasi tano za mililita 150. Kuonja si kunywa; unamimina kama mililita 50, kidole na nusu ndani ya kikombe. Mara sita, ni 300 kwa kila mtu, sawa na glasi mbili, kwa saa nne, na chakula tumboni. Niliweka pia bakuli tupu katikati ya meza kwa asiyetaka kumeza. Watu wanaofanya kazi hii hutema, na hakuna anayewacheka. Kwetu bakuli lilitumiwa na muuguzi peke yake. Alikuwa na zamu Jumapili asubuhi.

Jambo la baridi nalo ni muhimu kuliko bei. Utaambiwa nyekundu inywewe kwa joto la chumba. Hilo lilisemwa na watu wa nyumba za mawe za Ulaya, ambapo chumba ni nyuzi 16 au 18. Chumba changu cha bati juu, saa kumi alasiri ya Februari, si hicho. Waini moto inanuka pombe tupu. Weka nyekundu kwenye friji dakika 20 kabla ya kuinywa. Nyeupe fanya kinyume: itoe dakika 15 kabla, maana ikiwa baridi kama barafu harufu yote inalala. Chuoni tulifundishwa pia kwamba nyeupe hutangulia nyekundu, na kavu hutangulia tamu. Sisi tuliacha bahati ichague, kwa hivyo hilo tulilivunja.

Tukaanza. Namba 1 ikamiminwa, kila mtu akazamisha pua kwenye kikombe cha chai, kimya. Dakika nzima. Sijawahi kuona hawa watu wakinyamaza dakika nzima.

Shida ilikuwa maneno. Mchoraji alikuwa ametafuta kwenye simu orodha ya ladha za waini: matunda meusi ya vichakani Ulaya, ngozi ya tandiko la farasi, chuma cha penseli. Nani kati yetu ameonja tandiko la farasi? Niliwaomba waweke simu chini waseme kinachowajia.

Na hapo, wangu, ndipo jioni ilipoanza kuwa tamu. Muuguzi alinusa namba 1 akasema: "Shamba la nyanya. Asubuhi, ukigusa majani." Alikuwa ameipata sawasawa bila kujua, sauvignon blanc ina harufu hiyo hiyo ya majani mabichi na pilipili hoho, na ndiyo ilikuwa kwenye kikombe. Mwalimu akaongeza embe bichi lenye chumvi, lile la nje ya lango la shule. Namba 2 mtu akasema zambarau zilizoiva kupita kiasi, mwingine akasema moshi, "lakini si moshi wa kuni, moshi wa mafuta ya nyama yakidondokea makaa." Namba 3 ilikuwa juisi ya zambarau, sote tulikubaliana, na jamaa wa benki akaipenda mno. Akaandika 8, akasema hii ina mwili. Sikujua anamaanisha nini, nadhani naye hakujua, lakini aliisema kwa moyo.

Namba 4 ilikuwa tatizo. Ilikausha mdomo. Muuguzi alisema ni kama chai iliyosahauliwa jikoni ikachemka hadi ikawa nyeusi, mimi nikafikiria ndizi mbichi. Ukikutana na hiyo hali, inaitwa tanini, inatoka kwenye maganda na mbegu za zabibu, wakati mwingine na kwenye pipa la mbao. Jamaa wa benki alisukuma kikombe. "Hii ni ya kasha," akasema, akaandika 3.

Namba 5 mchoraji aliifunga macho. "Hii ni kitu ya nje. Imekaa kama ile sida ya tufaha, lakini ya watu wenye pesa." Mwalimu alikuwa amenusa mara moja tu na kuweka kikombe chini. Uso wake ulikuwa umebadilika, akatazama dirishani. Hakusema kitu. Aliandika alama zake akageuza karatasi.

Namba 6 nilisema kwa uhakika wote kwamba ni Afrika Kusini. Zabibu kavu, ukwaju kwa mbali. Nikawaeleza kwa nini. Niliongea sana.

Pilau ilikuwa imeiva. Hapa nikuonye kuhusu kachumbari. Pilipili na waini yenye pombe nyingi havipatani. Moto unazidi mdomoni. Tuliirudia namba 4 baada ya kachumbari ikawa adhabu. Lakini namba 3, ile tamu, ilipoza pilipili kama maziwa. Kwa hivyo siku ukialikwa kwa watu wa pilipili, usiidharau chupa tamu. Na ile nyeupe chachu, ambayo peke yake wengine waliiona kali, ikikutana na sambusa yenye mafuta inakata mafuta yote, unajikuta unataka nyingine. Ndimu juu ya samaki wa kukaanga inafanya kazi hiyohiyo. Ulikuwa unalijua hili kabla hujaonja waini yoyote.

Ilikuwa kama saa mbili usiku mchoraji alipofanya kile nilichokuwa nakiogopa. Hakuwa na nia mbaya. Alikuwa amechangamka, akanyosha kikombe kwa dereva aliyekuwa anapakua nyama.

"Msee, onja tu hii namba 5. Si pombe, ni waini."

Meza ikanyamaza.

Dereva aliweka mwiko chini. Hakupaza sauti. "Nilisema mtu asinisihi."

Mchoraji akasema pole, akasema pole tena. Nami kwa sababu ya woga nikafanya kile ambacho huwa nafanya, nikaanza kutoa hesabu. Lakini hesabu hii ichukue, maana sentensi ile ya "si pombe, ni waini" naisikia kila harusi, kila bridal shower, hadi kwa mashangazi wanaokemea bia. Waini nyingi ni asilimia 12 hadi 14. Tusker ni asilimia 4.2. Glasi moja ya mililita 150 kwa asilimia 13 ina karibu mililita 20 za pombe tupu. Chupa ya Tusker ya nusu lita ina 21. Ni kitu kimoja, tofauti ni umbo la glasi. Ukinywa glasi tatu "za wanawake" umekunywa bia tatu, na gari ukiliendesha umeliendesha ukiwa na bia tatu.

Dereva alinisikiliza hadi mwisho. Halafu akaketi, akavuta karatasi za alama upande wake, akauliza: "Hivi wewe mambo haya yote uliyajulia wapi?"

Lile swali. Miezi sita nilikuwa nimelikimbia, na limekuja kutoka kwa mtu wa pekee mezani ambaye hakuwa ameonja kitu.

"Chuoni. Muhula wa pili. Kabla niache."

"Kabla uahirishe," mwalimu alinirekebisha kwa upole.

"Kabla niache. Sirudi. Karo ilikwisha, na hata ningeipata sasa sijui kama ningeirudisha pale." Nikawaambia na ile ya Westlands, kadibodi na kila kitu. Nilidhani watakasirika kwamba niliwaacha walipie chupa mbovu. Muuguzi ndiye aliyecheka kwanza. Alisema hata yeye aliisikia, akadhani ndivyo waini ghali zinavyokuwa.

Jamaa wa benki hakucheka. Alikuwa anazungusha kikombe chake, kile cha namba 4.

"Tufunue," akasema.

Tukafunua. Dereva alijumlisha alama, kila chupa kati ya 50. Pinotage, namba 2, ilishinda kwa 36. Kama huijui hadithi yake, ni mmea uliozaliwa Stellenbosch mwaka 1925, mwalimu wa chuo kikuu Abraham Perold alipochanganya pinot noir na cinsaut. Cinsaut huko walikuwa wakiiita Hermitage, ndiyo jina likawa nusu kwa nusu. Dodoma, namba 6, ile niliyoapa kwamba ni Afrika Kusini, ilipata 34, na mchoraji bado hajaacha kunikumbusha. Kule Dodoma mzabibu unavunwa mara mbili kwa mwaka, kitu ambacho Mfaransa hawezi kukifanya hata akitaka, kwa sababu baridi ya kwao inaulaza mmea miezi mingi. Naivasha 29, kasha 28.

Namba 5 ilikuwa muratina. Ilipata 33, ya tatu. Mwalimu alikuwa ameipa 10, na alipoulizwa alisema hakuwa anaipendelea, ila aliponusa tu alijiona yuko kwa guka, ana miaka saba, wazee wamekaa na pembe zao na watoto wanafukuzwa wasisikilize bei ya mahari. Alisema guka siku hizi hapandi tena kwenye mizinga. Anamlipa kijana. Hakuna kati ya wajukuu anayejua kuitengeneza. Mchoraji aliomba amwage iliyobaki kwenye kikombe chake, na hakusema tena neno sida.

Namba 4, ya mwisho, alama 19, ilikuwa Bordeaux. Ile ya sanduku na utepe.

Sote tulingoja jamaa wa benki ajitetee. Nilikuwa na mstari tayari wa kumwokoa: tarehe 24 Mei 1976, jijini Paris, majaji Wafaransa walionja bila kuona lebo wakazipa California nafasi ya kwanza kwa nyeupe na kwa nyekundu, juu ya chupa kubwa za kwao wenyewe. Kwa hivyo si yeye wa kwanza. Sikufika mbali.

"Si bosi aliyenipa," akasema. "Yaani ni bosi, lakini ilikuwa ya kuniaga. Mkataba ulikwisha Desemba, hawakuuongeza."

Februari hiyo. Miezi miwili alikuwa akivaa suti asubuhi. Wikendi mbili kabla alikuwa amejitolea kulipia watu matatu. Na nikikumbuka Westlands, alikuwa tayari ameanza kuona dalili, na bado aliagiza chupa asiyoweza kutamka jina lake, kwa sababu tulikuwa tunamtazama. Nami nikala chipsi kwa sababu nilikuwa namtazama yeye.

Muuguzi aliuliza ana akiba ya miezi mingapi. Akasema mmoja na nusu. Mwalimu akauliza CV yake iko wapi, iletwe, ataisoma usiku huo huo. Dereva alimpakulia nyama zaidi. Hivyo tu. Hakuna aliyetoa hotuba, na tukarudi kubishana kama pilau ya Mombasa inatiwa viazi au haitiwi.

Saa tano dereva aliwapeleka wote makwao kwa gari lake. Walimlipa nauli kamili, si ya urafiki. Aliwasha programu kabisa. Mimi nikabaki na vikombe, magazeti yaliyoloa na chupa zenye mabaki. Mabaki ya waini usiyamwage. Rudisha kizibo, weka kwenye friji, hata nyekundu. Itakupa siku tatu hivi. Kasha lenyewe linadumu wiki kadhaa, kwa sababu mfuko ulio ndani hujikunja unapotoa na hewa haiingii. Na gharama? Mfuko wangu ulitoa 1,900, nyeupe na viungo vya pilau vikiwemo. Rent ililipwa tarehe tano.

Kuna kitu kimoja nilikosea, na ni haki nikiseme. Jumapili jioni nilikuwa na nyama ya mbuzi iliyobaki, yenye mafuta yake, na nikamimina namba 4. Nilitaka tu kuimaliza. Ile chai nyeusi ya jana haikuwepo. Ilikuwa imelainika, ina harufu ya tumbaku mbichi na zambarau. Hewa ilikuwa imeifikia usiku kucha, na zile tanini zilipokutana na mafuta ya mbuzi zikatulia. Chupa kama ile ilitakiwa kufunguliwa saa kadhaa kabla, labda imiminwe kwenye jagi ipumue, na inywewe na nyama, si peke yake na si baada ya pilipili. Muhula wa pili tulifundishwa hilo pia. Nililisahau, tukaipa 19.

Nikamtumia ujumbe jamaa wa benki, nikamwambia chupa yake tuliionea.

Alijibu baada ya saa nzima. "Imebaki?"

Nikaiinua kwenye mwanga wa jikoni. Kama robo.

"Usiimalize. Nakuja na CV."